Kufuga Matumbawe Laini na Wanyama Wadogo wa Baharini Nyumbani

Tumbawe ni mnyama, ingawa halihami mahali lilipoota na watu wengi hulidhania kuwa jiwe au mmea. Kila tumbawe limeundwa na polipu, yaani viumbe vidogo vyenye kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri, na ndani ya nyama ya matumbawe mengi ya mwambani huishi mwani wa seli moja unaotumia mwanga kutengeneza chakula ambacho sehemu yake kubwa humfikia mwenyeji. Joto likizidi, au maji yakibadilika ghafla, ushirika huo huvunjika: mwani hutoka, rangi hupotea, na tumbawe hubaki jeupe likiwa na njaa. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipopanda, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania ilipauka kwa namna hiyo na mengi yakafa. Kilichochukua wiki kadhaa baharini kinaweza kutokea katika tangi la sebuleni kwa alasiri moja, kwa sababu maji machache hupata joto, hupungua na kuchafuka upesi. Kwa hiyo anayetaka kufuga matumbawe ajue tangu mwanzo kwamba kazi yake hasa ni kuyafanya maji yasibadilikebadilike, na kwamba kila kifaa kitakachotajwa hapa kina thamani kwa kadiri kinavyosaidia kazi hiyo.

Mwongozo huu unahusu tangi la kioo la lita 200 hivi, lenye matumbawe laini, yaani yasiyojenga mifupa ya mawe, matumbawe magumu machache yanayoijenga na yaliyo mavumilivu, pamoja na kamba, konokono na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Ukubwa huo nimeuchagua kwa makusudi. Tangi la lita 40 ni rahisi kununua lakini ni gumu kulitunza, kwani konokono mmoja akifa bila kuonekana anaweza kuyaharibu maji yote. Tangi la lita 600 hutulia zaidi, lakini gharama ya chumvi, taa na umeme huwashinda wengi.

Wanyama watoke wapi

Msomaji anayeishi Tanga, Watamu au Unguja anaweza kuona kwamba matumbawe yapo karibu na ufuko, hivyo hakuna haja ya kununua. Namsihi asiyaguse. Katika hifadhi za bahari kama Mafia, Kisite, Malindi, Watamu na Chumbe kuyachukua ni kosa la kisheria, na hata nje ya hifadhi mwamba ndio unaovunja nguvu ya mawimbi na kulea samaki wanaowalisha wavuvi na familia zao. Aidha, tumbawe lililobanduliwa mwambani hujeruhiwa pale liliposhikia, na mara nyingi jeraha hilo huoza kabla halijapona. Matumbawe magumu yote, pamoja na chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake hayawezi kuvushwa mpaka wa nchi kihalali bila kibali.

Nunua vipandikizi, yaani vipande vilivyokatwa kutoka kwa tumbawe mama na kukuzwa kwa makusudi. Indonesia husafirisha matumbawe mengi yaliyopandwa katika mashamba ya baharini, na wafugaji wa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hupeana vipande vilivyokulia tangini. Hivi vya tangini ndivyo ninavyovipendelea, kwa sababu vimekwisha kuzoea taa na maji ya nyumbani. Muuzaji aliyeyaingiza matumbawe magumu kutoka nje ya nchi aulizwe kibali, na asiyeweza kukionyesha aachwe na bidhaa yake.

Maji

Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingine yana nitrati, fosfati au shaba iliyotoka kwenye mabomba. Shaba, hata ikiwa kidogo sana, huua kamba na konokono. Ndiyo maana wafugaji hutumia mtambo wa kuchuja maji kwa osmosisi ya kinyume, wenye kichujio cha mwisho kinachoondoa madini yaliyobaki, na huhakikisha kwa kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kwamba namba imefika 0. Katika mitaa mingi ya Nairobi na Dar es Salaam yako maduka yanayouza maji yaliyochujwa kwa njia hiyo, lakini baadhi yao huongeza madini ili maji yawe matamu kwa wanywaji. Yapime kabla ya kuyatumia.

Maji hayo safi huchanganywa na chumvi maalumu ya matangi ya bahari, takribani gramu 35 hadi 38 kwa lita, mpaka kiwango cha chumvi kifike 35 kwa elfu, ambacho ni uzito linganifu wa 1.026 hivi katika nyuzi 25 za joto. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa haina magnesiamu, kalsiamu wala kabonati ambazo viumbe hawa huzihitaji. Changanya katika pipa safi la plastiki ya chakula, weka pampu ndogo ya kuyazungusha, na usiyatumie hadi chumvi imeyeyuka kabisa na joto limelingana na la tangini. Kipimo bora cha chumvi ni rifraktomita, nayo irekebishwe kwa kimiminika cha marejeo cha 35 kwa elfu.

Wakazi wa pwani wanaweza kutumia maji ya bahari yenyewe iwapo watayachagua kwa uangalifu. Yatekwe wakati wa kujaa, mbali na bandari na midomo ya mito, wala yasitekwe siku za mvua za masika, ambapo maji ya ufukweni hupungua chumvi na kubeba uchafu wa nchi kavu. Huwezi, kwa mfano, kuteka karibu na pale Mto Msimbazi unapoingia baharini Dar es Salaam ukatarajia kamba wako waishi. Yachuje kwa kitambaa chenye nyuzi za karibu na uyapime chumvi kila mara.

Jambo ambalo wanaoanza hulisahau ni mvuke. Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki, hivyo maji ya tangi lililopungua lita nne yana chumvi kali kuliko yalivyokuwa. Upungufu huo hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, hadi kwenye alama iliyochorwa kwenye kioo. Kipo kifaa kinachofanya kazi hiyo chenyewe kidogo kidogo kwa siku nzima, na mtu akiniuliza aanze na kifaa hicho au na taa ya bei kubwa, ningemwambia aanze na kifaa hicho.

Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 26, na lisishuke chini ya 24 wala kupita 27 kwa muda mrefu. Mombasa na Dar es Salaam tatizo ni kupoza: tangi lisikae karibu na dirisha lenye jua, na feni ipulize juu ya maji, ingawa hewa ya pwani yenye unyevu hupunguza nguvu ya feni na wakati wa kaskazi huenda ukahitaji mashine ya kupoza. Nairobi, Arusha au Iringa tatizo ni baridi ya usiku. Hapo tumia hita mbili ndogo kuliko moja kubwa, kwa sababu hita zikiharibika aghalabu hugoma kuzimika, na ndogo haina nguvu ya kuyachemsha maji kabla hujagundua.

Mawe, mchanga na subira

Tangi la lita 200 likiwa na mawe, mchanga na meza yake huweza kuzidi kilo 300. Liwekwe mahali pa kudumu, juu ya sakafu iliyo sawa, karibu na umeme lakini soketi zisikae chini ya maji yanayoweza kudondoka. Nyaya zote zipinde chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke sakafuni.

Mawe ndiyo kiwanda cha kusafisha maji. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyokuwa akifuga viumbe wa bahari kwa kutumia mawe yenye uhai, yaani yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe wake, na mapovu ya hewa tu, na baadaye wafugaji wa Berlin waliongeza mwanga mkali na kichujio cha povu, kifaa kinachonasa uchafu wa maji kwa mapovu ya hewa. Mpangilio huo ndio msingi wa matangi mengi hadi leo. Bakteria walio juu ya jiwe huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na wale walio ndani, pasipofika oksijeni, huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka hewani. Nunua mawe makavu yenye vitundu vingi, kilo 15 hadi 20, na uyapange yasimame juu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga, ili mnyama mchimbaji asiyaangushe. Acha mapango na mianya ambamo maji yatapita. Ukuta wa mawe ulioegemezwa nyuma hukusanya uchafu usioonekana. Mchanga wa sentimita mbili au tatu unatosha.

Baada ya maji kujazwa, weka bakteria wa kuanzia na amonia ya kuwalisha, kiasi cha miligramu 2 kwa lita, kisha upime. Amonia itashuka, nitriti itapanda na kushuka, na nitrati itaanza kuonekana. Kwa kawaida hilo huchukua wiki nne hadi sita, na wakati huo hakuna mnyama anayepaswa kuingia. Tangi liko tayari likiweza kumaliza amonia hiyo na nitriti yake kwa siku moja. Hapo utaona utando wa kahawia juu ya mchanga na vioo, na baada yake mwani wa kijani. Hatua hizo ni za kawaida, wala hazihitaji dawa. Badilisha asilimia 20 ya maji, kisha ingiza konokono wachache waanze kula.

Uvumilivu wa kipindi hiki ndio unaowatenganisha wanaofaulu na wanaokata tamaa. Tangi jipya lenye maji yanayong'aa linaweza kuonekana kamili hali bakteria wake bado ni wachache, na kila mnyama anayeongezwa mapema huongeza uchafu ambao hakuna wa kuuondoa.

Mwanga na mwendo wa maji

Taa za LED zenye buluu nyingi na nyeupe kiasi zinafaa, kwa muda wa saa nane au tisa kwa siku, zikiwashwa na kuzimwa na saa ya umeme. Kwa matumbawe laini, mwenye kipimo cha nuru alenge mikromoli 80 hadi 150 kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Asiye nacho aanze na theluthi ya nguvu ya taa, aongeze polepole kwa mwezi mmoja, na aliweke kila tumbawe jipya chini kabla ya kulipandisha. Mwanga uliozidi huua haraka kuliko uliopungua: tumbawe lililopata mwanga mdogo hurefuka na kufifia kwa wiki nyingi huku likikuonyesha shida yake, lakini lililochomwa hupauka upande wa juu kwa siku chache.

Mwendo wa maji nao ni lazima, kwa sababu ndio unaolipelekea tumbawe oksijeni na chakula na kuliondolea ute. Pampu mbili zinazozungusha kwa jumla lita 2,000 hadi 4,000 kwa saa zinatosha, moja kila upande, zikipokezana ili maji yaende na kurudi. Polipu zinapaswa kuyumba. Zikilala upande mmoja muda wote, mkondo ni mkali mno.

Matumbawe ya kuanzia

Sarcophyton, lenye umbo la uyoga mnene na minyiri midogo juu yake, ndilo ninalolipendekeza kwanza. Sinularia, lenye matawi yanayonesanesa kama vidole, ni la pili. Yote mawili yamo katika Bahari ya Hindi na huvumilia mabadiliko madogo. Usishtuke ukiona Sarcophyton limefunga minyiri kwa siku kadhaa na kung'aa kana kwamba limepakwa nta: linajichubua ngozi ya juu ili kuondoa mwani uliolishika, na mkondo ukilifikia vizuri litafunguka tena. Xenia, ambalo polipu zake hufumba na kufumbua bila kukoma, hupendeza mno, lakini huenea hadi likafunika mengine. Lipande juu ya jiwe lililosimama peke yake mchangani.

Miezi mitatu au minne ikipita, unaweza kuongeza matumbawe magumu yenye polipu kubwa, kama Caulastraea na Duncanopsammia, ambayo hupokea vipande vidogo vya nyama ya kamba mara moja au mbili kwa wiki. Galaxea, hata likiwa zuri dukani, lina minyiri mirefu inayochoma jirani zake, kwa hiyo liachie nafasi ya sentimita 20 au zaidi. Matumbawe laini nayo hupigana, ila silaha yao ni kemikali wanazotoa majini. Mfuko mdogo wa mkaa maalumu wa kuchujia, ukibadilishwa kila mwezi, huziondoa.

Kuna tahadhari moja isiyopuuzwa. Zoanthus na Palythoa, yale yanayofanana na maua madogo yaliyosongamana juu ya jiwe, huweza kuwa na palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazojulikana kwa viumbe hai. Usiyakate wala kuyashika bila glavu na miwani ya kinga, usiyasugue kwa brashi hewani, na kamwe usichemshe wala kumwagia maji moto jiwe lililoyabeba, kwa kuwa mvuke wake umewahi kuwalaza hospitali watu wa nyumba nzima. Mtu akihisi ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli au kubanwa na pumzi baada ya kuyashika, aende hospitali mara moja na amtajie daktari jina la sumu hiyo. Mwenye watoto wadogo ni heri asiyaweke.

Kamba, konokono na wenzao

Wengi wa wanyama hawa hawana uwezo wa samaki wa kurekebisha chumvi ya mwili. Maji ya ndani yao hufuata chumvi ya maji ya nje. Kwa hiyo samaki anaweza kustahimili tofauti ambayo itamwua kamba. Mnyama mpya awekwe na maji aliyokuja nayo katika bakuli, kisha maji ya tangi yamdondokee kwa mrija mwembamba kwa muda wa saa moja hivi hadi kiasi kiongezeke mara tatu, na chumvi ipimwe pande zote mbili. Mwinue kwa chombo, umtie tangini, na maji ya bakuli yamwagwe nje.

Lysmata amboinensis, kamba mwenye mstari mweupe katikati ya mgongo mwekundu, husafisha samaki na huja mkononi akizoea. Stenopus hispidus mwenye pingili nyekundu na nyeupe awe mmoja au jozi iliyokwisha kukubaliana, kwani wasiooana hupigana hadi kufa. Lysmata wurdemanni ananunuliwa kwa kazi moja muhimu, nayo ni kula Aiptasia, anemone (mnyama mwenye minyiri inayochoma) mdogo wa rangi ya kahawia anayeingia na mawe na kuzaana kila mahali. Asubuhi moja utakuta ganda tupu la kamba na kudhani amekufa. Amejivua, na atajificha siku moja au mbili mpaka ganda jipya ligumu.

Konokono wa Trochus ni bora kwa kula mwani wa kwenye vioo kwa kuwa akipinduka hujigeuza mwenyewe, na Nassarius hujizika mchangani akatoka chakula kinapoanguka. Wanane au kumi kwa jumla wanatosha mwanzoni. Kaa wanaoishi ndani ya makombe ya konokono wawekewe makombe matupu ya ziada, la sivyo watawaua konokono wapate nyumba. Kiti cha pweza cha buluu, Linckia, usikinunue: katika matangi mengi hufa njaa polepole kwa miezi, na mmiliki hutambua vidole vinapoanza kumeguka. Jongoo bahari pia aachwe, kwa kuwa akinaswa na pampu huweza kutoa sumu inayoua tangi zima, na katika bahari yetu amekwisha kuvuliwa kupita kiasi.

Samaki wachache wanafaa, lakini kikande na bunju hula kamba na konokono, na samaki wengi waitwao vipepeo hudonoa polipu. Samaki akiugua, atibiwe katika tangi jingine, kwa sababu dawa nyingi za samaki wa bahari zina shaba.

Kupima, na maji ya chokaa

Pima mara moja kwa wiki, saa ileile, na uandike daftarini. Ugumu wa kabonati, yaani kiasi cha kabonati kilichomo majini, uwe digrii 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, nitrati 2 hadi 15, na fosfati 0.03 hadi 0.1. Usijitahidi kuzifikisha nitrati na fosfati sifuri. Matumbawe huhitaji kidogo, na tangi lililokaushwa virutubisho huvamiwa na utando mbaya wa kahawia usiotoka kwa urahisi. Namba iliyokaa mahali pamoja kwa miezi ni bora kuliko namba kamili inayopanda na kushuka. Kubadilisha lita 20 za maji kila wiki hutosha kwa tangi la matumbawe laini.

Matumbawe magumu yakianza kukua, kabonati na kalsiamu zitapungua kuliko mabadiliko ya maji yanavyoweza kurudisha. Njia nafuu ya kuzirudisha ni chokaa. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma, na ukweli wa kikemia ni uleule: chokaa ikiyeyuka na kukutana na kaboni dioksidi majini hutoa kalsiamu na kabonati ambazo tumbawe hujengea mifupa yake. Hata hivyo chokaa ya ujenzi ina uchafu mwingi na haifai kabisa. Tafuta hidroksidi ya kalsiamu ya daraja la chakula, koroga gramu 1.5 katika lita ya maji safi, funika, acha itulie, kisha tumia maji maangavu ya juu kujazia yaliyovukizwa. Yadondoke polepole, hasa usiku, kwa kuwa kipimo chake cha pH hupita 12 na yakimwagwa kwa pamoja yataua. Kinga macho na ngozi unapoyashika. Ugumu wa kabonati usipande zaidi ya digrii moja kwa siku.

Umeme ukikatika

Matumbawe yanaweza kukaa siku moja au mbili bila taa. Pasipo mwendo wa maji, oksijeni huweza kwisha kwa saa chache, zaidi usiku na zaidi katika joto. Kwa hiyo pampu moja ndogo ya mkondo, au ya hewa, iunganishwe na betri inayojiwasha yenyewe, na uijaribu kila mwezi kwa kuuzima umeme wa ukuta. Umeme ukirudi, angalia kwamba pampu zote zimeanza na kwamba tangi la kuchujia lililo chini ya tangi kuu, kama lipo, halijafurika.

Kukata vipandikizi

Sarcophyton likifikia upana wa kiganja linaweza kukatwa. Lihamishie katika beseni lenye maji ya tangini, vaa glavu, kata kipande kwa wembe mpya, na suuza vidonda katika maji mengine ya tangini ili ute usirudi kwa wenzake. Gundi haishiki nyama yenye utelezi. Kifunge kipande juu ya jiwe dogo kwa wavu laini uliolegea, mahali penye mkondo mpole, na kwa wiki mbili au tatu kitashika chenyewe. Weka mkaa mpya wa kuchujia siku hiyo. Kipandikizi kisiondoke kwako kabla hakijashika jiwe na kufungua minyiri yote, na anayekipokea aambiwe kiwango cha chumvi, joto na saa za mwanga kilichokuzwa nacho, ayalinganishe maji yake kwanza.